Simba alisingiziwa? Julie Ward, Mara 1988, na neno lililobadilishwa kwenye ripoti ya daktari

#1 Dereva wa Njiro
Wakuu, habari za jioni.

Kuna jambo limenikaa kooni tangu wiki jana. Nilikuwa na wageni wawili Waingereza, mtu na mkewe, wazee. Tumeegesha gari upande wa Lobo, kaskazini mwa Serengeti, tunakula. Yule mama akaniuliza, kutoka hapa Sand River ni mbali? Nikamwambia si mbali sana, ila mpaka ule wa Kenya kwa watalii umefungwa tangu 1977. Akatafuna kidogo, akasema, "Ndiko alikouawa Julie."

Nikajikuta nasimulia. Stori hii nimeisikia kijiweni tangu nikiwa tanboi. Nikaanza mwanzo, nikapita katikati, nikamaliza na muuaji, tena nikamtaja jina. Mzee akaniuliza kwa upole kabisa, hilo la mwisho umelisoma wapi? Sikuwa na jibu. Nikajifanya naangalia tembo.

Niliporudi Arusha nikaanza kusoma. Julie Ward, Mwingereza, miaka 28. Amepotea Septemba 6, 1988 ndani ya Maasai Mara, Kenya. Baba yake, John Ward, mwenye hoteli kule Uingereza, akaja mwenyewe na kukodi ndege za kumtafuta. Suzuki aliyokuwa akiendesha binti ikaonekana imekwama korongoni, juu ya paa kumeandikwa SOS kwa matope. Septemba 13 yakapatikana majivu ya moto, na hapo kipande cha mguu na cha taya. Wakubwa wakasema kaliwa na simba. Wengine wakasema kapigwa radi.

Halafu linakuja lililoninyima usingizi. Daktari aliyechunguza mabaki, Dk Adel Shaker, aliandika kwamba viungo vimekatwa. Bosi wake, mkuu wa wapasuaji maiti wa serikali, akabadilisha ripoti. Kukatwa kukawa kuchanika. Ni neno tu, wakuu.

Nataka kuiandika hii stori kwa Kiswahili, niilete humu vipande vipande. Swali langu: stori ambayo mahakama haijapata muuaji, unaimalizaje?

#2 Kisongo Boy
Siti ya mbele. Nimekuja na karanga.

#3 Mama Ngaramtoni
Simba na radi kwa mpigo? Huyo dada alikuwa na mkosi wa ukoo mzima.

#4 Turubai
Mimi hii kesi naijua, jirani yetu alikuwa dereva wa malori ya Nairobi. Ilikuwa 1989, Serengeti yetu, na marehemu alikuwa mwandishi wa habari anafuatilia ujangili wa pembe za ndovu. Aliona asichotakiwa kuona. Kesi imeisha.

#5 Dereva wa Njiro
@Turubai mkuu, hapo karibu kila kitu umekosea. Ni 1988, upande wa Mara. Na hakuwa mwandishi wa habari, alikuwa kwenye kazi za uchapishaji, akapenda kupiga picha wanyama. Alikuja kuwaona nyumbu. Hilo la ujangili ni dhana, imo kwenye orodha na dhana nyingine.

#6 Turubai
Sawa, nimekosea mwaka. Ila pointi yangu ipo palepale.

#7 Kisongo Boy
Kakosea mwaka, nchi na kazi ya marehemu, pointi ipo palepale 😂 Turubai hukunjwi wewe.

#8 Mzee wa Tope
Shikamooni wakubwa, vijana marahaba. Niko porini tangu 1994, niseme kuhusu wanyama tu, mengine sina.

Fisi akila mfupa utajua. Anausaga. Ncha zinabaki zimetafunwatafunwa, kuna vishimo vya meno, na siku ya pili kinyesi chake ni cheupe kama chokaa kwa ajili ya hiyo mifupa. Simba akila anavuta, nyama inaning'inia nyuzinyuzi, ngozi inabaki imechanika ovyo. Tumbusi wakija wanamalizia, wanasafisha, wanatawanya. Baada ya siku saba pale Mara, wakati nyumbu wapo na fisi wameshiba na bado wanakula, kukuta kipande cha mguu wenyewe ni bahati.

Lakini mkato ulionyooka? Sijaona. Panga naona kila siku, tunakatia kuni kambini, najua mfupa wa mbuzi uliokatwa na panga ukoje. Unaweza kuuweka mezani ukasimama.

Na jingine. Simba hawashi kiberiti.

#9 Mama Ngaramtoni
"Unaweza kuuweka mezani ukasimama." Mzee leo sili supu.

#10 Shangazi wa Sakina
Nawasalimu. Nakubali, lakini msikimbilie kumtakasa mnyama kila mara. Australia mwaka 1980 familia ilipiga kambi karibu na lile jabali la Uluru, mama akalia kwamba mbwa mwitu wa kule, dingo, kamchukua mtoto mchanga hemani. Hakuna aliyemwamini. Wataalamu wakapanda kizimbani na vipimo vyao vya damu, mama akafungwa maisha 1982. Mwaka 1986 koti la mtoto likaokotwa karibu na mapango ya dingo, akatolewa. Mwaka 2012 ndipo mahakama ya uchunguzi wa vifo ikasema rasmi ni dingo.

Kwa hiyo kule mnyama alikuwa na hatia na binadamu akasingiziwa. Wote walikuwa na uhakika.

#11 Mzee wa Tope
@Shangazi wa Sakina, nimekusoma. Basi nami nikupe ya huku kwetu. Januari 1980, Joy Adamson, yule mama wa simba Elsa, alikutwa amekufa Shaba, kaskazini mwa Kenya. Habari za kwanza zilizoenda duniani: kauawa na simba. Kuangalia vizuri, ni jeraha la kitu chenye ncha kali. Aliyetiwa hatiani ni mtu aliyewahi kuwa mfanyakazi wake. Miaka minane baadaye Mara, simba yuleyule kaitwa tena kituoni.

#12 Kisongo Boy
Simba ana jalada kubwa kuliko majambazi wa Unga Limited.

#13 Wakili wa Kijiweni
Niweke sheria mezani, maana naona mnaelekea kutaja majina.

Uchunguzi wa kifo ulifanyika Kenya, na mwaka 1989 hakimu akasema wazi ameuawa. Wakaja wapelelezi wa Scotland Yard, polisi wa London, mwaka 1990. Askari wawili wa wanyamapori wakashtakiwa, 1992 wakaachiwa huru. Baadaye akashtakiwa aliyekuwa mhifadhi mkuu, 1999 naye akaachiwa. Mwaka 2004 mahakama ya uchunguzi wa vifo ya Ipswich, Uingereza, ikasema ameuawa kinyume cha sheria. Hadi leo hakuna aliyetiwa hatiani.

@Dereva wa Njiro, mtu aliyeachiwa na mahakama ukimwita muuaji kwenye simulizi, siyo tena simulizi, ni kashfa. Ana watoto na wajukuu.

#14 Turubai
Wakili, kuachiwa na kutokuwa na hatia ni vitu viwili. Ushahidi ukishachezewa tangu siku ya kwanza, hakimu atafanya nini? Anaachia. Hata mimi ningeachia. Neno limeshafutwa, eneo limeshakanyagwa. Hapo ndipo rushwa inapokaa, si mahakamani.

#15 Wakili wa Kijiweni
Leo umeongea. Lakini hoja hiyohiyo inakuzuia wewe pia kumtaja. Ushahidi uliochezewa haukusaidii wewe kuliko ulivyomsaidia hakimu.

#16 Chai ya Rangi
Mnazunguka mbuyu. Kila mtu aliyeishi enzi zile anajua ilikuwa mtoto wa mkubwa. Na kuna shahidi alijitokeza akasema aliona kwa macho yake. Serikali ikafunika. Mwisho wa uzi.

#17 Mama Ngaramtoni
Jina lako lenyewe Chai.

#18 Dereva wa Njiro
@Chai ya Rangi hiyo ndiyo niliyowasimulia wageni! Neno kwa neno. Na mimi niliipata kwa dereva, naye kwa dereva, naye sijui. Tetesi hiyo ni ya miaka mingi na wapo walioisema hadharani, lakini haijawahi kusimama mahakamani. Wageni wangu niliwapa kama vile nilikuwepo nimeshika tochi.

#19 Afande Mstaafu
Nimesoma kimya, sasa niseme. Nimevaa gwanda miaka 27, mikoa minne, Kilimanjaro ikiwemo.

Raia mnadhani kufunika kesi ni kikao. Mkubwa anaita wadogo, anasema fanyeni hivi. Inatokea, sikatai. Mara nyingi haiko hivyo. Mara nyingi kila mtu anajikinga kidogo. Askari wa kwanza amechelewa kufika, anaandika saa ambayo hakufika. Wa pili anaona saa haifanani na ya kwake, anarekebisha ya kwake. Mkubwa wa wilaya anaulizwa na mkoa, anasema "hali ni shwari". Mkoa unaulizwa na wizara, na utalii ndio unaoleta dola, anajibu "ni mnyama". Likishatamkwa juu, nani wa chini atathubutu kuandika panga? Jalada linaanza kukimbizana na tamko.

Mimi sioni lazima awepo mtoto wa mkubwa. Hofu ya kuharibu msimu inatosha.

#20 Turubai
Afande unawatetea wenzako.

#21 Afande Mstaafu
Nawatetea wapi? Nimekwambia walidanganya wote. Wewe unataka mwongo mmoja, mimi nimekupa saba.

#22 Nesi wa Kibosho
Mimi naomba turudi kwenye neno. Nimefanya kazi hospitali miaka kumi na moja. Ripoti ya daktari ukitaka kuirekebisha unapiga mstari mmoja, neno la zamani lisomeke, unaweka sahihi yako na tarehe pembeni. Na anayerekebisha ni aliyeona. Huyu bosi, mwili aliuona lini? Kama aliyeona ni Shaker, kalamu ya pili imetoka wapi?

Au labda alikuwa anasahihisha Kiingereza tu. Shaker si Mwingereza.

#23 Mama Ngaramtoni
Kusahihisha Kiingereza mpaka panga linakuwa meno. Mwalimu hodari.

#24 Kijana wa Majengo Moshi
Wakuu samahani, nitoke nje ya mada kidogo, ila nesi kanigusa.

Kaka yangu alifariki 2015, bodaboda. Tuliambiwa kagonga nguzo. Mimi ndiye niliyekwenda kuchukua makaratasi kituoni, kituo sikitaji. PF3, ile fomu ya polisi, ilikuwa imeandikwa kwa wino wa bluu, vizuri, mwandiko wa mtu mwenye haraka. Mstari mmoja tu ulikuwa kwa wino mweusi, ule wa gari lililohusika. Umeandikwa "hakuna". Chini ya hilo "hakuna" kulikuwa na alama ya mfuto mweupe, ukiinua karatasi dirishani unaona herufi T na tarakimu mbili.

Nilisimama pale dirishani mpaka askari wa zamu akaniambia, dogo, umalize tuendelee. Nikamaliza. Mama alikuwa anasubiri nje na wazee, jeneza limeshalipiwa. Ningefanyaje?

Kwa hiyo mtu akiniambia Mzee Ward alikuja Kenya zaidi ya mara mia moja na kutumia karibu pauni milioni mbili, sishangai. Nashangaa alizipata wapi. Sisi tulikuwa na nauli ya kurudi Majengo.

#25 Shangazi wa Sakina
Pole sana mwanangu. Mungu amrehemu.

#26 Mzee wa Tope
Pole kijana.

#27 Kisongo Boy
Pole mwanangu. Leo sina utani.

#28 Wakili wa Kijiweni
Pole ndugu yangu. Na ndipo penye tofauti. Ward alikuwa na fedha, pasipoti na magazeti ya kwao, bado alikwama. Tena hata kwao hakupona: afisa wa polisi wa Uingereza aliyepitia upya mwenendo wa ile kesi alikosoa namna wizara yao ya mambo ya nje na wapelelezi wao walivyoishughulikia, na mengi yalisikika Ipswich 2004. Tusidhani kufunikafunika ni mali ya Afrika.

#29 Chai ya Rangi
Haya, hata Waingereza walifunika. Kwa nini wafunike kama hakuna mkubwa? Nijibuni hilo.

#30 Afande Mstaafu
Kwa sababu balozi naye ana msimu wake.

#31 Turubai
Mbona hakuna anayetaja za kwetu? Januari 2006, wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge na dereva teksi wao wakaishia Msitu wa Pande, Dar. Polisi wakatangaza wameua majambazi. Tume ikaundwa, ikasema hawakuwa majambazi. Kesi ya Zombe hiyo, yule afisa wa polisi, sote tuliifuata redioni.

#32 Wakili wa Kijiweni
Umeileta vizuri, ila imalize. Mahakama Kuu 2009 iliwaachia washtakiwa wote. Mahakama ya Rufani 2016 ikamtia hatiani afisa mmoja, ikampa adhabu ya kifo, na Zombe mwenyewe akaachiwa tena. Ukiisema "kesi ya Zombe" nusu ya watu wanajua mkosaji ni Zombe. Ndivyo stori zinavyokula watu.

#33 Mama Ngaramtoni
Kweli, hata mimi nilidhani alifungwa. Nimejifunza leo.

#34 Mchagga wa Ughaibuni
Wa Kenya ukiongelea usimwache Dk Robert Ouko, waziri wao wa mambo ya nje. Februari 1990, kilima cha Got Alila, mwili umechomwa na risasi kichwani. Mwanzoni ikaelezwa huenda kajiua. Yaani mtu ajipige risasi, ajichome, kwa mpangilio anaoujua mwenyewe. Scotland Yard wakaja, tume ikaundwa, 1991 ikavunjwa kabla haijamaliza. Mwaka mmoja na nusu tu baada ya Julie. Moto tena.

#35 Turubai
Moto tena! Mimi nilisema.

#36 Kisongo Boy
Ulisema ujangili.

#37 Mzee wa Tope
Mimi bado niko kwenye ile Suzuki. Nimekwama kwenye makorongo mara nyingi kuliko nilivyooa. Ukikwama peke yako kuna mpangilio. Kwanza unatukana. Pili unashuka unaangalia tairi. Tatu unakata matawi. Ikishindikana unarudi ndani, unafunga vioo, unangoja, maana ukitembea ndio unakuwa chakula. Mtu aliyepanda juu ya paa na matope mkononi kuandika herufi kubwa, huyo anangoja ndege. Ana akili zake, hajakata tamaa. Basi kwa nini aliondoka kwenye gari?

Ama alimwona mtu anayemwamini. Kwa mgeni, porini, mtu unayemwamini ni nani? Ni mwenye sare.

#38 Wakili wa Kijiweni
Mzee, taratibu. Sare walikuwa nazo wengi, na wawili waliovaa sare waliachiwa.

#39 Mzee wa Tope
Sijataja mtu. Nimetaja sare.

#40 Nesi wa Kibosho
Na je, kama aliyeandika SOS si yeye? Kuna mtu alitaka ionekane alikwama?

#41 Mzee wa Tope
@Nesi wa Kibosho hilo nalo nimelifikiria. Ningeona alama za mikono kwenye mlango ningekujibu. Anayepanda na tope anashika popote, anachafua fremu yote. Picha nilizoona ni za mbali.

#42 Shangazi wa Sakina
Mnasahau daftari la getini. Pale geti la Sand River aliingia kuchukua mahema yaliyokuwa yameachwa kambini, akatoka. Sahihi yake ya kutoka ilibishaniwa, kama ni mwandiko wake au la. Nilifanya kazi geti moja huku kwetu miaka ya nyuma, nawaambia, wageni wakisahau kusaini, karani anawasainia. Kila siku. Si kwa ubaya, hesabu za jioni zinataka zilingane. Kwa hiyo sahihi ya uongo inaweza kuwa uhalifu, inaweza kuwa karani anataka kwenda nyumbani.

#43 Chai ya Rangi
Kila kitu kwenu ni bahati mbaya. Karani kachoka, daktari kasahihisha Kiingereza, afande kachelewa. Dada wa watu alijichoma mwenyewe kwa bahati mbaya?

#44 Afande Mstaafu
@Chai ya Rangi hilo swali zuri, sikutegemea kutoka kwako. Hapana, aliuawa. Nasema tu kwamba walioua na waliofunika huenda hawakujuana kabisa. Aliyefunika huenda hadi leo hajui alimfunikia nani.

#45 Chai ya Rangi
Hiyo ni mbaya kuliko yangu.

#46 Mama Ngaramtoni
Nimepata baridi, na Ngaramtoni kwenyewe kuna baridi.

#47 Mchagga wa Ughaibuni
Kuhusu kuandika: Mzee Ward mwenyewe alitoa kitabu 1991, na jina alilokipa linasema wazi kwamba wanyama hawana hatia. Baba anaandika juu ya mguu wa binti yake. Mleta uzi ukiandika, kumbuka yule aliutambua kwa macho. Haya mapambo ya "usiku ule wa giza nene" acha.

#48 Kisongo Boy
Ila wasomaji wa humu bila "itaendelea" hawasomi. Na bila muuaji watakuandama kama ulikopa.

#49 Dereva wa Njiro
Wakuu asanteni, nimesoma yote. @Kijana wa Majengo pole ndugu yangu, ile T na tarakimu mbili sitaisahau.

Nilikuwa nimeshaandika kurasa sita. Mwisho wangu ulikuwa ule wa Chai, mtoto wa mkubwa anashuka kwenye gari jeupe. Hilo gari jeupe nililitunga mwenyewe, wala kijiweni halikuwepo. Nimelitoa. Ilibidi nitoe na ukurasa mzima, maana bila gari hakuna anayeshuka.

Nitaanzia kwa Dk Shaker, ameinama juu ya meza na kipande cha mfupa, anatafuta neno. Nitaishia kwenye kalamu ya pili.

#50 Turubai
Na ujangili utauweka?

#51 Dereva wa Njiro
Nitakuwekea mstari mmoja.

#52 Wakili wa Kijiweni
Kabla hujapandisha, nitumie nipitie. Bure, ila supu ya Kilombero inahusika.

#53 Mama Ngaramtoni
Supu tena, baada ya post namba 8?

#54 Dereva wa Njiro
Kesho alfajiri naingia na wageni wapya, Wajerumani wanne. Ukishapita geti la Naabi, mtandao ni wa kubahatisha. Nikitoka Ijumaa nitaendelea.

#55 Chai ya Rangi
Sijashawishika. Mtoto wa mkubwa.

#56 Mzee wa Tope
Dereva, kabla hujazama, ile jeki ndefu uliyosema unauza bado ipo? Nina safari ya Ndutu na mvua zimeanza.